Pasaka ya 2024 kwenye majedwali matatu: tofauti inaingilia wapi?

Mkesha14

Wakuu, shalom.

Ninayo majedwali matatu ya sikukuu za Mambo ya Walawi 23, na yote matatu yanadai kufuata kalenda ya Biblia. Kwa mwaka 2024, la kwanza linaweka mlo wa Pasaka jioni ya Jumatatu 25 Machi. La pili, la Wayahudi wengi, jioni ya Jumatatu 22 Aprili. La tatu, jioni ya Jumanne 23 Aprili. Pentekoste nayo imesambaa: 19 Mei, 12 Juni, 16 Juni.

Sitafuti mshindi. Ninachotaka kujua ni hatua ipi ya hesabu inayozaa tofauti ya siku moja, ipi inayozaa mwezi mzima, na ipi inayoisogeza Pentekoste hata pale Pasaka zinapokaribiana. Na kuna hili la pili: mwaka 2025 jua lilipatwa Jumapili 21 Septemba, maana yake mwezi ulikufa siku hiyo. Mbona Mwaka Mpya wa Kiyahudi ukawekwa Jumanne 23?

Hilali29

Usiyalinganishe majedwali kwa tarehe za sikukuu. Rudi nyuma mpaka siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza, kisha uliza maswali mawili: huyu aliuanzishaje mwezi, na alijuaje kwamba huo ndio mwezi wa kwanza? Swali la kwanza huzaa tofauti ya siku moja au mbili. La pili huzaa mwezi mzima. Tofauti ya siku kumi hutaiona, na ukiiona jua kuna kosa la uchapaji.

Tuanze na hizo siku za Aprili. Mwezi ulikutana na jua Jumatatu 8 Aprili 2024 saa 3:21 usiku kwa saa za Yerusalemu. Ndio mkutano ule uliolifanya jua lipatwe kabisa Mexico, Marekani na Kanada. Yerusalemu jua lilikuwa limekuchwa tangu yapata saa 1 usiku, kwa hiyo jioni ile hakukuwa na hilali ya kutafuta. Mwezi wa zamani ulikuwa haujafa, sembuse mpya kuandama. Jioni iliyofuata, Jumanne 9, jua lilipokuchwa mwezi ulikuwa na umri wa karibu saa 22, tena umekaa juu vizuri. Anayefuata hilali huanza mwezi hapo. Mchana wa kwanza ni Jumatano 10, wa kumi na nne ni Jumanne 23, na mlo unaliwa jioni yake. Jedwali lako la tatu ndilo hilo.

Kalenda ya marabi haiangalii anga. Inahesabu kutoka mwezi wa saba, Tishri, ambao siku yake ya kwanza ndiyo Mwaka Mpya, kurudi nyuma: kati ya 15 Nisani (Nisani ndio mwezi wa kwanza) na Mwaka Mpya unaofuata siku ni 163 daima, kwa sababu miezi ya kuanzia Nisani hadi Eluli ina urefu usiobadilika (30, 29, 30, 29, 30, 29). Mwaka Mpya wa 5785, kwa hesabu ya miaka ya Kiyahudi, ulikuwa Alhamisi 3 Oktoba 2024. Toa siku 163, unatua Jumanne 23 Aprili kuwa 15 Nisani, na 1 Nisani ni Jumanne 9 Aprili, iliyoanza jioni ya Jumatatu. Ikaitangulia hilali kwa siku moja. Umeipata tofauti yako ya kwanza.

Sasa ule mwezi mzima. Sikusawa ya masika, yaani usiku na mchana vinapolingana, mwaka 2024 ilikuwa 20 Machi alfajiri. Wanaotumia sikusawa wana kanuni mbili zinazofanana mdomoni lakini hazifanani kwenye karatasi. Wengine husema: mwezi wa kwanza ni ule *unaoanza* baada ya sikusawa. Wengine: ni ule ambao *siku yake ya 14* inaangukia baada ya sikusawa. Mwezi wa Machi ulikufa tarehe 10, hilali ikawa ya kuonekana jioni ya 11, siku ya kwanza 12, siku ya 14 ni 25 Machi. Kwa kanuni ya kwanza mwezi huo umeanza mapema mno, kwa hiyo unasubiri Aprili. Kwa kanuni ya pili umepita, na Pasaka ni jioni ya 25 Machi. Sikusawa ni moja na mwezi ni mmoja, lakini hizo kanuni mbili zimeachana siku 29. Ukikutana na jedwali linalosema tu "tunafuata sikusawa", ujue hujaambiwa kitu bado.

Marabi nao walifika Aprili kwa njia nyingine kabisa. Mzunguko wao wa miaka 19 una miaka saba ya miezi 13: wa 3, 6, 8, 11, 14, 17 na 19. Mwaka 5784 ukiugawa kwa 19 unabaki 8, basi ulikuwa na Adari (mwezi wa 12) mbili, na Nisani ikasukumwa mpaka Aprili. Hesabu hii iliwekwa na Hillel wa Pili, mkuu wa Wayahudi wa nchi ya Israeli, mwaka 359 na haijabadilika.

Mfuko_wa_Shayiri

Hilali29 umeeleza vizuri, ila sentensi yako ya mwisho inahitaji kurekebishwa. Kwamba Hillel wa Pili alitoa kalenda katikati ya karne ya 4 ni mapokeo yanayoheshimiwa, lakini hayamaanishi kwamba kila kanuni ya leo ilikuwa imekamilika siku hiyo. Katika Geniza ya Cairo, ghala la hati za kale la sinagogi, imepatikana barua ya kiongozi wa Wayahudi wa Babeli ya mwaka 835/6, na Pasaka inayotajwa humo haiangukii siku ambayo hesabu ya leo ingeiweka. Miaka takriban 480 baada ya Hillel, bado mambo yalikuwa yakisogezwa.

Jambo la pili umeliruka, nalo ndilo kongwe kuliko yote: shayiri. Torati haitaji sikusawa inapoamuru Pasaka. Kumbukumbu la Torati 16:1 inasema mwezi wa Abibu, na *abibu* ni hali ya suke la shayiri kabla ya kuwa jina la mwezi. Kutoka 9:31 inaitumia hivyo hivyo: mvua ya mawe iliiharibu shayiri kwa sababu ilikuwa imefikia abibu, ngano ikapona kwa kuwa ilichelewa.

Kwa wanaokagua mashamba, hasa Wakaraiti (Wayahudi wanaofuata Maandiko bila mapokeo ya marabi), abibu siyo shayiri iliyokauka tayari kwa mundu, wala siyo kijani kibichi. Mambo ya Walawi 2:14 inataja abibu iliyokaangwa motoni, na hapo ndipo kipimo kinapotoka: punje iwe imejaa kiasi kwamba ukiibanika inabaki punje ya kuliwa. Ukiibinya ikatoa maji, bado. Ikitoa maziwa, bado. Ikiwa kama unga uliokandwa na suke limeanza kupoteza kijani, hiyo ndiyo yenyewe. Ikiwa katika hali hiyo mwisho wa mwezi wa 12, wiki mbili na zaidi zinazofuata zinaifikisha kwenye mundu kwa wakati wa mganda wa malimbuko.

Kinachoharibika ni hiki. Nchi ya Israeli ni ndogo lakini ina vimo vingi: bonde la Yordani na upande wa Negebu hukomaza mapema, milima ya Yerusalemu huchelewa. Wakaguzi wawili wanaweza kurudi siku moja na majibu mawili, na wote wawili wakawa wameona walichoona. Halafu wanabishana kiasi. Je, masuke machache kando ya barabara yanatosha, au lazima liwe shamba la kuvunwa? Shayiri mwitu inahesabika, au ya kupandwa tu? Mvua ikichelewa au joto likija ghafla Februari, majibu hugeuka. Kwa njia hii huwezi kuchapa kalenda ya miaka kumi mbele. Kwa wanaoifuata hilo siyo kasoro, ndivyo walivyokusudia.

Na usidhani marabi wa kale walidharau shamba. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, katika sehemu ya Sanhedrini, inataja mambo matatu ya kuongezea mwezi: shayiri, matunda ya miti, na sikusawa, na mawili kati ya hayo yalitosha. Humo humo imo barua ya Rabban Gamliel, mkuu wa baraza lililokuwa likitangaza miezi: hua bado ni wachanga, wana-kondoo ni dhaifu, abibu haijafika, basi tumeongeza siku thelathini. Kwa hiyo ugomvi wa "shamba au hesabu" ulianza baraza lilipotoweka na vitabu vya hesabu vikabaki.

Hilali29

Nakubali kuhusu Hillel, nilifupisha kupita kiasi. Niongeze namba moja iliyosahaulika: mizunguko ya miaka 19 inazidi mwaka wa jua kidogo, kiasi cha siku moja kila miaka 216 hivi. Ndiyo maana Pasaka ya marabi inazidi kusogea mbele polepole, na katika miaka ya 8, 11 na 19 ya mzunguko inakuja mwezi mzima na zaidi baada ya sikusawa. Ilitokea 2016 (Pasaka 23 Aprili, ilhali Pasaka ya makanisa ya Magharibi ilikuwa 27 Machi), ikatokea 2024, na itatokea 2027: marabi 22 Aprili, makanisa 28 Machi. Mkesha14, mwaka huo andaa meza mbili, majedwali yako yataachana tena kama haya.

Sehemu1080

Nijibu swali la 2025, maana hapo pana utamu wake.

Marabi hawatumii mkutano halisi wa mwezi na jua, wanatumia wa wastani, uitwao moladi. Kutoka moladi hadi moladi ni siku 29, saa 12 na sehemu 793, na saa moja ina sehemu 1080, yaani kila dakika ni sehemu 18. Saa zao zinaanza kuhesabiwa saa 12 jioni, na siku huanza hapo hapo. Anayesema Kiswahili hapati tabu: moladi ya "saa 9" ni saa 9 usiku ile ile tunayoisema, na "usiku wa Alhamisi" kwa maana ya zamani, ule unaotangulia mchana wake, ndio usiku wao wa Alhamisi.

Moladi ya Tishri 5785 ilikuwa Alhamisi saa 9 na sehemu 391. Alhamisi inaruhusiwa, hakuna kilichoahirishwa, Mwaka Mpya ukawa Alhamisi 3 Oktoba 2024. Kwenda mwaka unaofuata ongeza miezi 12. Ukishaondoa majuma kamili, nyongeza ni siku 4, saa 8 na sehemu 876. Alhamisi ukiongeza siku nne ni Jumatatu. Saa 9 na 8 ni 17. Sehemu 391 na 876 ni 1267, ambazo ni saa moja na sehemu 187. Jibu: Jumatatu, saa 18, sehemu 187. Saa ya 18 tangu jioni ni saa 6 mchana kamili, na 187 ni dakika 10 na sehemu 7.

Sasa kanuni: moladi ikiangukia saa 6 mchana au baadaye, inaitwa "moladi mzee", na Mwaka Mpya unasukumwa siku moja. Jumatatu 22 Septemba ikawa Jumanne 23. Zimechelewa dakika kumi tu, siku nzima imesogea. Angani mwezi ulikuwa umekutana na jua Jumapili 21 Septemba yapata saa 4 na robo usiku kwa saa ya jua ya Yerusalemu, yaani karibu saa 14 kabla ya moladi. Wastani ndivyo ulivyo. Mwezi haukimbii kwa mwendo mmoja.

Kanuni nyingine tatu za kuahirisha, kwa ufupi. Mwaka Mpya hauwi Jumapili, Jumatano wala Ijumaa: ukiwa Jumatano au Ijumaa, Siku ya Upatanisho inagusana na Sabato, na siku mbili mfululizo hakuna kupika wala kuzika, ukiwa Jumapili, siku ya saba ya Vibanda, yenye kupigapiga matawi ya mierebi, inaangukia Sabato. Mbili zilizobaki ni za kulinda urefu wa mwaka. Mwaka wa miezi 12 lazima uwe wa siku 353, 354 au 355, na wa miezi 13 uwe 383, 384 au 385. Moladi ya Jumanne saa 9 sehemu 204 au zaidi, katika mwaka wa miezi 12, isipoahirishwa mpaka Alhamisi mwaka huo unatoka na siku 356. Ya Jumatatu saa 15 sehemu 589, mara baada ya mwaka wa miezi 13, isiposogezwa mwaka uliopita unabaki na 382.

Wapinzani husema: Torati haisemi lolote juu ya kuahirisha. Kweli, haisemi. Marabi hujibu kwa Mambo ya Walawi 23:4, kwamba sikukuu ni zile "mtakazozitangaza", na aliyepewa kutangaza ni baraza. Hilo linaamuliwa na imani yako juu ya mamlaka. Kikokotoo hakikusaidii hapo.

Na jambo la mwisho, kwa wanaodhani ugomvi huu ni wa siku hizi. Mwaka 921 mkuu wa chuo cha nchi ya Israeli, Aaron ben Meir, alitangaza kwamba mpaka wa moladi mzee siyo saa 6 mchana kamili bali sehemu 642 baadaye. Saadia, aliyekuja kuitwa Gaon, alimpinga pamoja na vyuo vya Babeli. Moladi iliyowagombanisha ilikuwa ya Tishri 4684, mwaka 923: Jumamosi saa 18 sehemu 237. Kwa Babeli imepita mpaka, inakwenda Jumapili, Jumapili hairuhusiwi, basi Jumatatu. Kwa ben Meir haijapita, inabaki Jumamosi. Mwaka mmoja kabla, moladi ya Jumanne saa 9 sehemu 441 ilipita mpaka wa Babeli wa 204 lakini haikufika ule wa ben Meir wa 846 (204 na 642), kwa hiyo Alhamisi kwa hawa, Jumanne kwa yule. Rudisha siku 163 na Pasaka ya 922 inatoka Jumanne kwa Babeli na Jumapili kwa ben Meir. Babeli ilishinda.

Moladi ya 2025, sehemu 187, iliangukia ndani ya dirisha lile lile la 642. Laiti ben Meir angeshinda, Mwaka Mpya wa 2025 ungekuwa Jumatatu 22 Septemba.

Mkesha14

Sehemu1080, nimerudia hesabu kwa kalamu nikapata 187 hiyo hiyo, asante. Kwa hiyo wa hilali 2025 walianza Jumatatu jioni?

Hilali29

Hapana, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Jumatatu 22 jua lilipokuchwa mwezi ulikuwa na umri wa karibu saa 20, mdogo kidogo tu kuliko ule wa Aprili 2024. Lakini umri peke yake hautoshi. Majira ya masika, kwa aliye Yerusalemu, njia ya mwezi husimama karibu wima juu ya upeo wa magharibi, hivyo kila digrii ya kuachana na jua ni kimo. Majira ya vuli njia hiyo hulala, na mwezi wa umri ule ule hukaa nusu ya kimo au chini yake, ukizama kabla anga halijawa giza. Aliyetazama kwa macho alipaswa kuutarajia Jumanne jioni, siku ya kwanza ikawa Jumatano 24. Kwa hiyo hata baada ya kuahirishwa, kalenda ya marabi ilitangulia hilali.

Ukitaka kukadiria mwenyewe usitazame umri tu. Tazama dakika kati ya kuchwa kwa jua na kuchwa kwa mwezi pale Yerusalemu. Chini ya dakika 30 jicho tupu huwa na shida. Karibu na 45 na kuendelea, anga likiwa safi, kwa kawaida utauona. Wingu likifunika siku ya 29, mwezi unajazwa siku 30. Haufiki 31.

Na shahidi naye hukosea. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, katika sehemu ya Rosh Hashana inasimulia mashahidi waliosema wameuona mwezi, na usiku uliofuata haukuonekana. Rabban Gamliel akawakubali. Rabi Dosa akasema ni waongo: utasemaje mwanamke amezaa na kesho tumbo lake li pale pale? Rabi Yehoshua akaona Dosa yuko sawa, na Gamliel akamwagiza aje kwake na fimbo yake na fedha zake siku iliyokuwa Upatanisho kwa hesabu ya Yehoshua. Akaenda.

Mganda

Nimalizie Pentekoste. Haina tarehe katika Torati, ina hesabu tu: siku hamsini kutoka siku ya kutikisa mganda wa malimbuko, "siku ya pili baada ya Sabato" (Walawi 23:11, 15). Ugomvi ni Sabato ipi.

Mafarisayo, na marabi baada yao: Sabato ni siku ya kwanza ya Mikate Isiyotiwa Chachu, yaani 15 Nisani, basi kuhesabu kunaanza 16. Mwaka 2024 hiyo ni 24 Aprili, na siku ya hamsini ni Jumatano 12 Juni. Wakaraiti na Wasamaria, kama Waboethusi, kundi la Wayahudi wa wakati wa Hekalu, kabla yao: Sabato ni Jumamosi, basi kuhesabu kunaanza Jumapili na kunaishia Jumapili. Mwaka 2024 kutoka 28 Aprili unafika 16 Juni. Jedwali lako la kwanza lina kanuni hiyo hiyo kwa mwezi wa nyuma: 31 Machi mpaka 19 Mei.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza 50. Siku ya mganda ndiyo siku ya kwanza, kwa hiyo ongeza 49.

Mwaka 15 Nisani inapokuwa Jumamosi, kama 16 Aprili 2022, pande zote hukutana: 5 Juni. Mwaka inapokuwa Jumapili, kama 13 Aprili 2025, hata wa Jumapili hugawanyika wao kwa wao. Wanaotaka Jumapili yenyewe iwe ndani ya siku saba za sikukuu huanza 13 Aprili ile ile na kufika 1 Juni. Husimama juu ya Yoshua 5:11. Wanaotaka Sabato yake ndiyo iwe ndani huanza 20 Aprili na kufika 8 Juni. Marabi mwaka huo walikuwa 2 Juni, Jumatatu. Ukiona majedwali mawili ya "kutoka Jumapili" yameachana juma zima, tafuta hapo.

Beta Israel wa Ethiopia walikuwa na njia yao: kuanza siku inayofuata baada ya siku saba zote, yaani 22 Nisani, hivyo Pentekoste ikawa 12 Sivani, mwezi wa tatu. Na ile kalenda ya kitabu cha Yubile na hati za kale za Qumran, ya siku 364, haikuhitaji kubishana kabisa: mwaka ni majuma 52 kamili, 1 ya mwezi wa kwanza ni Jumatano kila mwaka, mganda ni Jumapili tarehe 26, Pentekoste ni Jumapili tarehe 15 ya mwezi wa tatu. Ni nadhifu mno. Ila isipoongezewa kitu inaachwa na jua siku moja na robo kila mwaka, na baada ya miaka 24 unatikisa mganda mwezi mzima kabla ya wakati wake, mkononi ukiwa na majani.

Mkesha14

Moja la mwisho. Nimeona jedwali la nne linaloanza mwezi kwenye mwezi mpevu, kwa kutegemea Zaburi 81:3. Lina uzito?

Sehemu1080

Dogo. Neno la Kiebrania *kese* katika mstari huo lina mjadala, na Biblia ya Kiswahili imeutenganisha vizuri: mwandamo wa mwezi upande mmoja, mbalamwezi na sikukuu upande wa pili. Mwezi ukianzia mpevu, siku ya 15 inakuwa ya giza totoro. Yoshua bin Sira sura ya 43 anasema mwezi ndio ishara ya sikukuu, nao hupungua ukishakamilika. Philo, Myahudi wa Aleksandria, anaiweka sikukuu ya siku ya 15 kwenye mwezi uliojaa. Hao waliishi Hekalu likiwa bado limesimama.

Mganda

Na kabla hujayalaumu majedwali, kagua mambo mawili ya kawaida kabisa. Kwanza, je, linaandika mchana wa sikukuu au jioni inapoanza? "22 Aprili" na "23 Aprili" katika mwaka 2024 vinaweza kuwa Pasaka moja ya marabi, na wewe ukadhani mojawapo ni ya hilali. Pili, kwenye programu za kalenda kuna chaguo la Israeli au ughaibuni. Nje ya Israeli wengi huongeza siku ya pili, desturi iliyotokana na wajumbe waliochelewa kufika baada ya mioto ya milimani iliyotangaza mwezi mpya kuachwa, kwa kuwa Wasamaria walikuwa wakiwasha ya uongo. Ndiyo maana utaona Pasaka ya siku 7 na ya siku 8, na Pentekoste ya 12 Juni na ya 12–13 Juni, zote kutoka kalenda moja. Mwaka Mpya ni siku mbili kila mahali, hata Yerusalemu kwenyewe, kwa sababu sikukuu inayoanguka siku ya kwanza ya mwezi haimpi mjumbe hata usiku mmoja wa kusafiri.